Jiko la Shule na Shina la Kahawa: Nani Hulipia Sheria za Kupunguza Gesijoto?

Ifikapo saa kumi alfajiri, kengele ya Misa ya asubuhi ikiwa bado kimya, moshi huwa umekwisha kutanda juu ya mapaa ya majiko ya shule za bweni za mlimani, kuanzia Rombo hadi Kibosho. Ndiyo saa ya kubandika makande. Chakula hicho hakina haraka: mahindi na maharage hudai moto wa saa nyingi, na mpishi aliyeinama mbele ya jiko huuvuta moshi huo kila siku ya Mungu, kwa miaka yote ya utumishi wake. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misioni ya Kilema mwaka 1890, na tangu hapo shule, seminari, nyumba za watawa na hospitali zilizofuata katika mlima huu zimelishwa kwa kuni.

Desturi hiyo sasa imekatazwa. Mwaka 2023 Serikali ilitangaza kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024, na ukomo wa pili, wa 31 Januari 2025, ukawekwa kwa zile zinazolisha zaidi ya 300. Mwezi Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa miaka kumi, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Tarehe zote mbili za taasisi zimekwisha kupita. Baadhi ya majiko yetu yamebadilika, mengine bado yanatoa moshi, na mabohari wa shule wanajua vizuri sababu ni nini.

Katika makala haya tunataka kuuliza swali ambalo hotuba nyingi za mazingira hulipita haraka. Hatuulizi kama sheria hizi ni njema. Kwa sehemu kubwa ni njema. Tunauliza gharama yake inaangukia mlango wa nani, na faida yake inavunwa na nani, na lini.

Tuanze na faida, kwa kuwa zipo na ni kubwa. Serikali imekuwa ikieleza kwamba moshi wa majumbani unahusishwa na vifo vya watu wapatao 33,000 nchini kila mwaka, wengi wao wakiwa wanawake na watoto wanaokaa karibu na jiko. Imeeleza pia kuwa taifa hupoteza takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Kwa sisi tunaoishi chini ya Kibo, msitu si habari ya mbali. Wageni huja kupiga picha barafu ya kileleni, na wengi wetu tumekua tukiamini kwamba barafu hiyo ndiyo inayojaza mifereji yetu. Sivyo. Maji ya mlima huu kwa sehemu kubwa mno hutoka katika ukanda wa msitu, unaopokea mvua nyingi na kukamata ukungu katika majani na kuvumwani kwa miti, kisha kuyaachia maji polepole kwenda kwenye chemchemi. Barafu ikiisha tutaomboleza uzuri uliopotea. Msitu ukiisha tutakosa maji ya kunywa.

Maji hayo hayaishii Uru wala Marangu. Huteremka hadi mashamba ya mpunga ya Moshi Chini na miwa ya Arusha Chini, huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, hufuata mto Pangani na kuzungusha mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani, yenye uwezo wa jumla ya takriban megawati 97. Kwa hiyo mti usiokatwa juu ya Kilema una thamani kwa mkulima wa mpunga, kwa kiwanda cha sukari, kwa shirika la umeme na kwa mwenye friji Tanga mjini. Ongeza na dunia nzima, inayofaidika na hewa ukaa ambayo mti huo umeifungia katika shina lake.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa ngumu. Faida imetawanyika kwa watu wengi, kila mmoja akipata kidogo, nyingine ikija baada ya miaka. Gharama imekusanyika kwa watu wachache, na inadaiwa muhula huu.

Shule ya bweni inayotaka kuhamia gesi inahitaji majiko mapya, mabomba, mitungi mikubwa au tangi, jiko lenye madirisha ya kutosha, na wapishi waliofundishwa namna ya kuzima moto usiozimwa kwa maji. Fedha hiyo yote hutangulia kabla sufuria ya kwanza haijachemka. Kisha kuna ankara ya gesi. Kuni za shule nyingi zilinunuliwa kwa lori, wakati mwingine kwa mkopo kwa mtu anayefahamika, na nyingine zilitoka katika shamba la miti la shule yenyewe. Gesi huagizwa kutoka nje ya nchi, hushushwa Dar es Salaam au Tanga, na bei yake hupanda pamoja na dola na pamoja na misukosuko ya bahari za mbali ambayo bohari wetu hana uwezo wa kuizuia. Mwishoni shule huwa na njia tatu: kuongeza ada, kupunguza chakula, au kuendelea kupika kwa kuni huku ikiomba mkaguzi asipite. Tumezungumza na viongozi wa shule kadhaa na tumesikia njia zote tatu zikitajwa, ya tatu kwa sauti ya chini zaidi.

Tuseme wazi pia jambo ambalo wengi hulinong'ona. Kwa upande wa gesijoto, si kila kuni ni sawa na kila mkaa. Matawi yanayopogolewa katika miti ya kivuli ya kihamba huchipua tena, na hewa ukaa iliyotoka jikoni hurudi katika majani mapya. Mkaa ni jambo jingine: mwingi unaouzwa Moshi mjini huletwa kutoka nyanda kavu za tambarare, mti mzima hukatwa, na matanuri ya kienyeji hupoteza sehemu kubwa ya nguvu iliyokuwamo katika kuni. Gesi ya mitungi, kwa upande wake, ni zao la mafuta ya ardhini. Baadhi ya mkaa mbadala unaohimizwa hutengenezwa kwa makaa ya mawe. Huo unaokoa miti, lakini mtu asituambie kwamba hautoi hewa ukaa. Sheria imeyaweka mambo haya katika kapu moja. Tunaielewa: mkaguzi hawezi kupima kila tita la kuni, na jiko linalolisha wanafunzi 600 haliwezi kuishi kwa matawi ya kupogoa. Lakini tunaiunga mkono kwanza kwa ajili ya mapafu ya mpishi na kwa ajili ya msitu, na tungependa hesabu ya gesijoto ifanywe kwa uaminifu zaidi kuliko inavyofanywa sasa.

(Msomaji mmoja ametuuliza kama katazo linagusa pia mbege. Mbege si taasisi, ingawa siku ya jubilei ya padre idadi ya wanywaji hupita 100 bila shida.)

Umeme ndio ungekuwa jibu zuri zaidi. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na mitambo yake yote tisa ilikamilika mwaka 2025. Sufuria ya umeme inayopika kwa mgandamizo huivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Kwa nini basi mama wa familia wa Kibosho mwenye umeme ukutani bado anapuliza kuni? Tuangalie bei. Kwa viwango vilivyoanza kutumika mwaka 2016, mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Anayezoea kuvuka kiwango hicho huhamishiwa kundi la matumizi ya kawaida, ambako uniti ni shilingi 292. Chukua mfano wa nyumba inayotumia uniti 70 kwa taa, simu na televisheni: bili yake ni shilingi 7,000. Ikianza kupikia umeme na kufikia uniti 100, bili inaweza kuwa shilingi 29,200. Matumizi yameongezeka kwa chini ya nusu. Malipo yamezidi mara nne. Ni kweli kwamba mama huyo ameacha kununua mkaa, na akipiga hesabu ya mwezi mzima huenda asipoteze. Ila anachokiona kwanza ni bili, na bili inamwambia arudi kwenye mafiga. Nafuu iliyobuniwa kwa ajili ya maskini imekuwa uzio unaomzuia maskini asipikie umeme. Kurekebisha jambo hili si kazi ya parokia. Ni kazi ya mamlaka zinazopanga bei, na tunaziomba zilitazame kabla ya kampeni nyingine ya kugawa mitungi kwa nusu bei, ambayo ni msaada mwema lakini huisha siku mtungi unapokuwa mtupu.

Wapo pia wasioonekana katika hesabu yoyote. Mwanamke anayeuza mkaa kwa kopo Mbuyuni au Pasua hana chama wala mwakilishi katika vikao vya mkakati. Nchi jirani imetufundisha kitu hapa. Kenya ilisimamisha uvunaji wa misitu ya umma mwezi Februari 2018, na zuio hilo likadumu kwa sehemu kubwa hadi mwaka 2023. Nia ilikuwa kuokoa vyanzo vya maji, nia njema kabisa. Lakini viwanda vya mbao vilifungwa, bei zikapanda, na mbao za Tanzania zikapata soko kubwa zaidi ng'ambo ya mpaka. Shoka lililozuiwa upande mmoja linaweza kuanza kulia upande wa pili, na sisi wa Rombo na Holili, tunaoishi mpakani, tunajua jinsi njia za panya zinavyofanya kazi.

Sheria ya pili inayotugusa haikutungwa Dodoma. Ilitungwa Brussels. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayokataza kuingiza katika soko lake kahawa, kakao, mbao na mazao mengine kadhaa yaliyotoka katika ardhi ambayo msitu wake ulifyekwa baada ya 31 Desemba 2020. Kila shehena inapaswa kuonyesha mahali halisi zao lilikolimwa, kwa vipimo vya ramani vya setilaiti. Utekelezaji ulipangwa kuanza mwisho wa mwaka 2024; ukaahirishwa kwa mwaka mmoja, kisha ukaahirishwa tena hadi 30 Desemba 2026 kwa makampuni makubwa, na katikati ya mwaka 2027 kwa madogo.

Kahawa yetu ilikuja na misioni. Wazee wa Kilema wanakumbuka simulizi hizo kwa fahari. Ilijenga madarasa, ikalipa ada za vizazi, ikazaa chama cha wakulima cha mwaka 1925 na baadaye KNCU mwaka 1933. Na imekua, tangu mwanzo, chini ya migomba na miti ya kivuli katika kihamba kilichorithiwa kutoka kwa baba hadi mwana. Kumwuliza mkulima wa Mwika kama alifyeka msitu baada ya mwaka 2020 ili apande kahawa ni kama kumwuliza bibi kama jana ndiyo aliyojifunza kusuka mkeka. Hana hatia. Hata hivyo ni yeye anayetakiwa kuithibitisha.

Gharama ya uthibitisho huo haionekani kubwa kwa mtu mmoja. Kwa kuwa vihamba viko chini ya hekta nne, kanuni inaridhika na nukta moja ya ramani kwa kila shamba, na simu ya kawaida ya kisasa inaweza kuichukua. Lakini chama cha msingi chenye mamia ya wanachama kinahitaji mtu wa kupanda na kushuka mabonde yote, daftari lililosahihishwa, kompyuta, na namna ya kuhakikisha kahawa iliyosajiliwa haichanganywi na isiyosajiliwa kabla ya kufika kwenye mnada wa Moshi. Mashamba makubwa yana mameneja wa kazi hiyo. Mzee mwenye mashina 200 hana. Hatari tunayoiona si kwamba kahawa ya Kilimanjaro itakataliwa Ulaya. Ni kwamba mnunuzi, kwa kuogopa adhabu, ataona ni rahisi kununua kwa wachache wakubwa wenye karatasi kuliko kwa maelfu wadogo wasio na hatia. Na mkulima anayekata tamaa na kahawa mlimani hufanya nini? Hung'oa mibuni, hupanda nyanya na vitunguu, na miti ya kivuli huangushwa ili jua lifike chini. Sheria iliyotungwa kulinda miti ingekuwa imeikata.

Katika aya ya 170 ya Waraka wake wa Kitume wa mwaka 2015, Laudato si', hayati Baba Mtakatifu Francisko aliliona jambo hili. Alionya juu ya mikakati ya kupunguza gesi chafuzi inayoweza kuzitwika nchi zenye uwezo mdogo ahadi nzito zinazofanana na zile za nchi zenye viwanda vingi. Na katika aya inayofuata akaitilia shaka biashara ya hati za kaboni, asije tajiri akanunua ruhusa ya kuendelea kuchafua. Tunaisoma aya hiyo ya pili tukiwa na mfano karibu. Wilayani Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinavyotunza misitu yake vimepata fedha za kaboni na kujenga shule na zahanati. Waamini wengi hutuuliza kwa nini sisi hatupati. Jibu ni kwamba vijiji vile vinamiliki misitu yao. Wa kwetu ukanda wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 kwa ajili ya mahitaji ya Wachagga wenyewe, pamoja na msitu wa hifadhi ulio juu yake, umekuwa ndani ya Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005. Huenda uamuzi ule uliuokoa msitu; hatuna sababu ya kuubeza. Lakini pamoja na mti, mwenye kihamba alikabidhi kuni, majani ya ng'ombe, na sasa pia uwezekano wa kulipwa kwa kuutunza.

Wala tusijifiche nyuma ya aya ya 170. Nchi yetu inatoa sehemu ndogo sana ya gesijoto ya dunia, na wapo wanaotumia ukweli huo kama kibali cha kufyeka. Msitu ukifyekwa, ukame wa kwanza utakuwa wetu. Mafundisho jamii ya Kanisa huzungumzia manufaa ya wote, mshikamano na kanuni ya auni. Kwa lugha ya jikoni maana yake ni kwamba anayefaidika achangie, na kwamba jambo linaloweza kufanywa na jumuiya lisisubiri Dodoma, wala linaloizidi nguvu jumuiya lisitupwe mlangoni pake.

Kwa hiyo yapo ambayo yanaizidi nguvu jumuiya. Bei ya umeme ni mojawapo. Mikopo ya muda mrefu kwa majiko ya shule ni nyingine: katika mkutano wa Paris wa Mei 2024, ambao Rais wetu alikuwa mmoja wa wenyeviti wake, ziliahidiwa dola za Marekani bilioni 2.2 kwa nishati safi ya kupikia barani Afrika, na shule ya kata ya Rombo ina haki ya kuuliza fungu lake liko wapi. Wanaoishi kwa maji ya mlima huu, wa tambarare na wa mitambo ya umeme, wanapaswa kuchangia moja kwa moja wanaotunza chanzo chake, si kwa hotuba ya Siku ya Mazingira.

Na yapo tunayoyaweza. Seminari na nyumba za watawa zenye ng'ombe wa kufungiwa zina samadi ya kutosha kuanzisha biogesi, ambayo haitegemei dola; tunazo nyumba ambazo zimepikia hivyo kwa miaka na wala hazijitangazi. Gharama yake kubwa ni ya ujenzi, na hapo shule mbili au tatu za dekania moja zikinunua na kujenga kwa pamoja bei hushuka. Kuhusu kahawa, hakuna anayezijua kaya za mlima huu kuliko viongozi wa jumuiya ndogo ndogo. Kijana wa VIWAWA mwenye simu, akiongozana na katibu wa chama cha msingi, anaweza kumaliza vihamba vya jumuiya moja kwa Jumamosi chache, kabla uchumaji haujashika kasi. Halmashauri za walei zikubaliane tu nani atalipa nauli na vocha, na daftari hilo libaki mali ya wakulima, lisiwe la mnunuzi.

Kwa shule zetu tuna ombi dogo zaidi. Makadirio ya mwaka ujao yanapopelekwa kwenye kamati za fedha, nishati ya jikoni iwe na mstari wake wenyewe: kuni kiasi gani, gesi kiasi gani, matibabu ya wapishi kiasi gani. Katika makadirio tuliyoonyeshwa, vitu hivyo vitatu vilikuwa vimefichwa chini ya maneno "matumizi mengineyo".